Mlango Uitweje? Mjadala wa Kiganjo

Nchini Kenya ziko Kiganjo mbili zijulikanazo na watu wengi: moja ni ile ya Nyeri, ambako askari polisi hufunzwa kazi yao, na ya pili ni hii yetu ya Thika, mtaa wa wapangaji na mafundi, usiokuwa na chuo cha kuutangaza, na kwa kuwa jina ni moja ilhali mahali ni pawili, kifurushi cha kadi za mtandao tulichokuwa tukikingoja kutoka Nairobi, mwendo wa kilomita 40 na ushei kwa barabara kuu, kilitupita pasi na kusimama, kikapanda mpaka Nyeri, kikalala huko usiku mmoja, kikaturudia kesho yake alasiri. Nimelitanguliza jambo hili wala si kwa kumlaumu aliyekichukua, maana aliliamini jina aliloandikiwa. Ila siku ile kifurushi kilipokuwa kikitangatanga ndiyo siku tuliyokuwa karakanani tukibishana juu ya majina, na sidhani kama kuna aliyesema neno ambaye kifurushi hakikuwa moyoni mwake.

Juu ya meza zilikuwako seva 8, mashine zilizokwisha kutumika Ulaya na kuuzwa huku zikiwa bado na nguvu, 5 za kiwanda kimoja na 3 za kiwanda kingine, na kila moja ilikuwa iende katika shule yake, ikawe maktaba ya wanafunzi na tena bawabu wa intaneti. Kwa ajili hiyo kila mashine ilikuwa na milango miwili ya mtandao, mmoja wa kuelekea nje, ulimwenguni, na mwingine wa kuelekea ndani, madarasani. Azma yetu ilikuwa asikae mtu mbele ya kibodi kuzisimika moja moja. Mashine iwashwe tu, iombe mfumo wake kupitia kebo, ipewe Linux pamoja na faili ya majibu, ambayo ndani yake kila swali ambalo mfumo ungemwuliza binadamu limekwisha kujibiwa kabla: saa ni za wapi, diski igawanywe vipi, nywila ya msimamizi ni ipi, na mlango upi upewe anwani ipi. Hilo la mwisho ndilo lililotugawa. Faili haina kidole cha kuelekeza ikasema "mlango ule pale". Sharti itaje jina, na inapoandikwa, mashine yenyewe haijaamka, wala milango yake haijapewa jina lolote. Ni kama kuandika cheti cha mtoto ambaye mamaye bado hajashikwa na uchungu.

Tulikuwa watu wanne. Alikuwako mzee wa karakana, aliyeianza kazi hii zama intaneti yetu yote ikipita kwenye setelaiti, kabla ya nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS kufika Mombasa mwaka 2009. Alikuwako kijana aliyehitimu hivi karibuni katika chuo kikuu cha Jomo Kenyatta kule Juja. Alikuwako dada yetu karani, ashikaye daftari la vifaa. Na mimi, mtu wa Mombasa niliyefundisha Thika hata nywele zikageuka, nilikaa pembeni na kalamu. Maneno yao nimeyaandika kama nilivyoyasikia, isipokuwa nimeyapunguzia yale ambayo watu husema wakiwa wameshika bisibisi.

MZEE: Mimi nasema mlango wa kwanza uitwe eth0 na wa pili eth1, kama tulivyoyakuta majina hayo zama zile. Ni mafupi, yanatamkika, hapana fundi asiyeyajua, na faili ya majibu iliyoandikwa mara moja itazitosha mashine zote 8, ziwe za kiwanda hiki au kile. Mifumo ya siku hizi imeyaficha majina hayo, walakini haijayaua: ukiongeza neno net.ifnames=0 katika maagizo ambayo kiini cha Linux huyasoma kinapoamka, ya kale hurudi yote. Nimefanya hivyo miaka mingi, na mashine zangu zingali kazini.

KIJANA: Mzee wangu, mashine zako nyingi zina mlango mmoja, na mwenye mtoto mmoja hahitaji kuuliza ni yupi aliyelia. Jina la eth0 ni jina la zamu tu. Kiini cha Linux huzipa kadi namba kwa jinsi zinavyojitokeza mbele yake: iliyoonekana kwanza ni 0, iliyofuata ni 1. Zamani viendeshi viliamshwa kimoja baada ya kingine, na zamu ikawa haibadiliki. Siku hizi huamshwa kwa pamoja, kama abiria wa jioni mlango wa gari unapofunguliwa, leo ametangulia huyu, kesho yule. Sasa fikiri tumeandika katika fayawoli kwamba eth1 ni mlango wa madarasani, uaminiwe, na eth0 ni wa nje, ushukiwe. Asubuhi moja umeme umekatika na kurudi, kadi zimebadilishana zamu, na ulimwengu wote unaingia kwa mlango tuliouamini, wala hapana kengele iliyolia, kwa kuwa kwa upande wa fayawoli kila jina liko mahali pake.

MZEE: Nakubali kwamba kadi mbili za viwanda tofauti huweza kugeuziana. Nimeliona mara moja.

KIJANA: Mara moja yatosha, mzee, ikiwa upande wa ndani wamo watoto.

KARANI: Nami nauliza, maana mimi si fundi: hapakuwa na mtu aliyefikiri kuzifunga kadi na majina yake, ili huyu asichukue la yule?

MZEE: Walifikiri, dada, na hapo ndipo nilipopata fundisho langu. Kila kadi huzaliwa na namba yake, tuiitayo MAC, tarakimu 12 za hesabu ya kumi na sita, ambazo 6 za mwanzo ni za kiwanda na 6 za mwisho ni za kadi yenyewe. Basi programu iitwayo udev ilikuwa kila ionapo kadi mpya huandika katika faili ya 70-persistent-net.rules, kwa mkono wake yenyewe, kwamba kadi yenye namba hii ni eth0, na ile ni eth1, na tangu siku hiyo haikubali tena kubadilisha. Tuliifurahia. Kisha zikaja mashine pepe. Nilitengeneza moja nzuri, iliyokamilika, nikaitolea nakala 10 kwa ajili ya wateja wa ofisi niliyokuwa nikifanyia kazi wakati huo. Kila nakala ilipewa namba mpya ya MAC, kama ipasavyo, lakini ilirithi daftari la mama yake. Ikaamka, ikasoma kwamba eth0 ni ya kadi fulani ambayo haipo, ikaiona kadi yake mwenyewe kuwa ni mgeni, ikaiita eth1. Anwani nilikuwa nimeiandika kwenye eth0. Nakala zote 10 zikawa hai na bubu. Nilikesha usiku kucha nikiufungua mfumo mmoja baada ya mwingine, nikifuta faili ile, na alfajiri nikaapa kwamba sitaiacha tena mashine ijiandikie kumbukumbu za ukoo.

KIJANA: Na tena kulikuwa na ile ya kunyang'anyana, kadi ya kwanza inataka kuitwa eth1 wakati ya pili bado haijaliachia jina hilo.

MZEE: Moja ikabaki njiani ikiitwa rename3. Nimeyaona.

Hapa nilimwona mzee ameinamisha kichwa, na kwa kweli nilimheshimu zaidi, kwa kuwa hoja aliyoitoa ilimwumiza yeye mwenyewe na bado aliitoa yote. Kijana naye, kwa adabu ya kwao, hakurukia ushindi. Alivuta kiti, akaendelea kwa sauti ya chini.

KIJANA: Kwa sababu ya mateso hayo, watu wa Dell walitengeneza biosdevname, na mwaka 2011 mfumo wa Linux wa Fedora, toleo la 15, ukaichukua, kisha Januari 2013 programu ya systemd, toleo la 197, ikaleta kanuni inayotawala leo. Red Hat iliifuata katika toleo lake la 7, mwaka 2014, na Debian katika la 9, mwaka 2017. Kanuni ni hii, kwamba jina litoke katika makazi ya kadi. Herufi en ni waya wa Ethernet, na wl ni mtandao usio na waya. Kadi iliyozaliwa na ubao-mama hufuata namba iliyopewa na ubao huo, ikawa eno1. Iliyochomekwa katika tundu lenye namba huitwa kama ens1. Na isiyokuwa na hayo hufuata njia ya PCI na nafasi yake, ikawa enp3s0. Kadi haiulizwi imefika saa ngapi, inaulizwa inakaa wapi. Na wewe mzee usiniambie kwamba jambo hili ni geni. Katika nyumba ya Mgikuyu mtoto wa kiume wa kwanza huitwa jina la babu mzaa baba, na wa pili la babu mzaa mama. Wewe jina lako lilijulikana kabla hujazaliwa, kwa kuwa nafasi yako nyumbani ilijulikana.

MZEE: Mwanangu, umenena vizuri, lakini umeuacha mkia wa habari. Sisi kwa babu yule mmoja tulikuwa wajukuu watano wa jina moja, na nyanya alipoita, tuligeuka sote.

KIJANA: Kila mmoja alikuwa nyumbani kwa baba yake. Jina la mlango wa mtandao halitoki nje ya mashine yake. Mashine zote 8 zaweza kuwa na enp3s0 wala zisikwaruzane.

MZEE: Hilo nimelipokea. Basi pokea hili. Mimi nilipozaliwa wa kwanza, nilibaki wa kwanza. Dada zangu hawakunisukuma. Lakini enp3s0 yako ukiichomekea mashine kadi ya diski katika tundu la juu yake, njia za PCI huweza kuhesabiwa upya, na kesho ikaamka ikiitwa enp4s0. Na ukiuongezea mfumo kiini kipya, ambacho kiendeshi chake kimejifunza kutaja jina la tundu, jina lako hukua mkia wa np0. Hata wenyewe wa systemd waliona kwamba kila wanapoirekebisha kanuni, majina ya watu yanaruka, wakaamua katika toleo la 240, mwaka 2018, kuzipa kanuni zao namba, ili mtu aweze kusema nataka kanuni ya mwaka ule na si ya mwaka huu. Sasa utabirifu gani huo unaohitaji kutajiwa tarehe?

KIJANA: Ni kweli. Walipoyaita majina yenye kutabirika, walikusudia kwamba mashine ile ile, isiyoguswa, itatoa jina lile lile kila iamkapo. Hawakusema kwamba mtu aliyeko Kiganjo ataweza kulijua kabla hajaifungua.

Neno hilo la mwisho lilinigusa, na hapo niliomba ruhusa nikasema kidogo, kwa kuwa niliona kwamba ubishi wote ulikuwa unasimama juu yake. Yako mambo mawili ambayo lugha yetu huyachanganya katika neno moja la kutabirika. Kuna kutobadilika, ambako ni sifa ya kitu, na kuna kujulikana kabla, ambako ni haki ya mtu. Mfumo wa makazi umetupa la kwanza kwa kiasi kikubwa, na la pili umelitoa kwa yule tu mwenye chumba kikubwa kilichojaa mashine za aina moja, zilizonunuliwa siku moja, kadi zake zote zikiwa katika tundu lile lile. Mtu huyo akiifungua moja, amezijua 1000. Sisi tunaonunua mashine zilizokwisha kuhudumu kwingine, kila moja ikiwa na kadi iliyoongezwa na bwana wake wa kwanza kwa haja aliyoijua yeye, hatuna neema hiyo. Tulizifungua mbili jioni ile kwa majaribio: katika zile 5 mlango wa kwanza ulijiita eno1, na katika zile 3 ukajiita enp2s0f0. Faili moja ya majibu ilikwisha kuwa mbili, na ingekuwa shule 80 zenye mashine za viwanda kumi, sijui zingekuwa ngapi.

KARANI: Mwalimu, niruhusu. Nyote mmesema jina litoke kwa mashine, ama kwa zamu yake, ama kwa makazi yake, ama kwa nasaba yake ya MAC. Mimi nasafiri na matatu kila siku, na nimejifunza kitu. Gari litokalo Thika kwenda Nairobi lina majina matatu. Lina namba ya usajili, ambayo lilipewa mara moja na litakufa nayo. Lina lakabu iliyopakwa ubavuni kwa rangi, ambayo mwenye gari huibadilisha apendapo. Na lina 237, ambayo si ya gari hata kidogo, ni ya kazi: ndiyo njia ya Thika. Mnakumbuka mwaka 2004, waziri Michuki alipoleta kanuni zake, kila matatu ikapigwa mstari wa manjano na njia yake ikaandikwa waziwazi, kwa nini? Kwa kuwa abiria hana haja na nasaba ya gari. Anataka kujua linaenda wapi. Gari likiharibika Ruiru, tajiri hutoa jingine, likavaa 237, na abiria akapanda wala asijue kwamba kuna kilichobadilika. Basi na milango hii ipewe jina la kazi. Wa nje uitwe nje0. Wa ndani uitwe ndani0. Faili yenu ya majibu, fayawoli yenu, na vitu vyote mtakavyoandika visitaje jina jingine.

MZEE: Linux italikubali jina la Kiswahili?

KIJANA: Italikubali. Mpaka wake ni herufi 15, na tangu kiini cha 5.5, mwaka 2020, mlango waweza kuongezewa lakabu ya herufi zaidi ya 100 juu ya jina lake. Huandikwa katika faili ndogo yenye mkia wa .link: juu unataja alama ya kuitambua kadi, chini unataja jina. Onyo lao ni moja, kwamba usichague jina ambalo kiini chenyewe huenda kikalitoa, kama eth0, maana mtakuwa wawili mnaokimbilia jina moja. Dada, jina lako nalipenda. Lakini ile alama ya juu utaandika nini?

KARANI: MAC. Imebandikwa juu ya mashine, naisoma, naiandika katika daftari langu mbele ya jina la shule. Daftari linatoa faili. Hakuna anayebahatisha.

KIJANA: Na kadi ikiungua? Dada, umeme wetu unaruka, na milango ya mtandao hufa kwa radi zaidi kuliko kwa uzee. Fundi anakwenda shuleni usiku kwa pikipiki na kadi nyingine, anaichomeka tundu lile lile, anawasha. Kama alama ingekuwa makazi, mlango ungefunguka. Kwa kuwa alama ni MAC, kadi mpya ni mgeni, nje0 haipo, na shule imekaa gizani mpaka asubuhi wewe ulifungue daftari lako.

KARANI: Na ikae gizani. Afadhali mlango uliofungwa kuliko mlango uliofunguliwa na mtu asiyejulikana. Bawabu asiyekujua akikukatalia kuingia, amefanya kazi yake.

MZEE: Hapana, dada, hapo sikubaliani nawe. Shuleni sawa. Lakini kesho tutaletewa mashine ya zahanati, na usiku wa manane pale zahanati maneno ya bawabu hayamponyi mtu.

Walinyamaza. Nje mvua ilikuwa imeanza, ile nyembamba ya Thika isiyomzuia mtu kutembea wala isiyomwacha mkavu, na katika ukimya ule nilipitia niliyokuwa nimeyaandika, nikaona kwamba tangu adhuhuri tulikuwa tukiyabishania maswali mawili kwa kudhani ni moja. Swali la kwanza ni hili: mlango uitweje? Na la pili: utambuliwe kwa shahidi gani? Majina yote ya mashine, la zamu, la makazi, na la nasaba, yana kosa moja la asili, kwamba yamemfanya shahidi kuwa ndiye jina. Na shahidi akibadilika, jina linakwenda naye, na kila faili iliyolitaja jina hilo inabaki ikimwita marehemu. Karani alikwisha kulijibu swali la kwanza, na jibu lake nililiona kuwa ni haki tupu. Aliposema MAC, alikuwa amehamia swali la pili bila kujijua, na katika swali la pili hakuna haki tupu. Kuna kupima tu, mahali kwa mahali, ni kitu gani ambacho hapo hakitabadilika upesi.

Nikawaambia hivyo, na kijana akasimama.

KIJANA: Basi yawezekana, mwalimu, maana faili ya .link inakubali shahidi yeyote. Juu yake unaweza kuandika namba ya MAC, au unaweza kuandika neno Path na njia ya PCI ya kadi. Chini, jina ni nje0 vilevile. Zile 5 za aina moja tuzitambue kwa makazi, kwa sababu tukiifungua moja tumezijua zote, na kadi ikiungua itachomekwa nyingine pale pale. Zile 3, ambazo kadi zake zimechanganywachanganywa, tuzitambue kwa MAC za daftari la dada. Hata mashine pepe zitaingia humo, kwa kuwa MAC zake tunazichagua sisi kabla hazijaumbwa.

MZEE: Na faili ya majibu?

KIJANA: Moja, mzee. Inataja nje0 na ndani0 tu.

MZEE: Umesahau kitu. Mfumo unaosimika si mfumo unaosimikwa. Ule wa kusimika una kiini chake na kanuni zake za majina, na huenda ukaiita eno1 kadi ambayo kesho mwenziwe ataiita vingine. Nawe umeandika nje0, jina ambalo halitakuwapo mpaka faili ya .link iwekwe. Mashine itaombaje mfumo kwa mlango usio na jina?

Hili lilikuwa swali la mtu aliyekesha na nakala 10 bubu, na nakiri kwamba lisingekuja kwangu kabisa. Kijana alilifikiri, kisha akaeleza kwamba mashine inapoamka kwa kebo, programu ya PXELINUX yaweza kukikabidhi kiini neno BOOTIF, lenye MAC ya kadi ile ile iliyopokea mfumo, hivi kwamba anayesimika haulizi jina la mtu, anaufuata mkono uliomshika. Na majina yetu yanawekwa mwishoni, kabla mashine haijazimwa ikaamka upya kwa mara ya kwanza. Mzee akaongeza la kwake, ambalo vijana husahau mara kwa mara: kwamba faili ya .link sharti itiwe pia ndani ya ule mfuko mdogo ambao Linux huufungua kwanza kabla ya diski, initramfs, kwa kuwa kadi huweza kupewa jina humo, na kanuni iliyobaki nje ya mfuko ikafika jina la makazi limekwisha kutolewa.

Kuhusu zahanati hatukuafikiana. Karani alishikilia kwamba kadi isiyoandikwa isifunguliwe popote, na mzee alishikilia kwamba mahali pa wagonjwa mlango utambuliwe kwa makazi yake, daftari lifuate asubuhi. Mimi moyo wangu uko kwa mzee, ingawa najua kwamba asubuhi hiyo ya kufuata daftari ndiyo ambayo katika kazi nyingi haifiki.

Kesho yake, kifurushi kilipokwisha kufika, tulianza kusoma vibandiko vya MAC. Mashine 7 zilisomeka. Ya 8, mojawapo ya zile 3, kibandiko chake kilikuwa kimebanduliwa huko ilikotoka, kimebaki weupe wa gundi, na hapakuwa na njia ila kuiunganisha na kioo na kibodi, kuiamsha kwa mkono, na kuiuliza. Mzee alivaa miwani, akainama mbele ya kioo, akazisoma tarakimu 12, mbili mbili, polepole, kama asomaye namba ya hawala. Karani akaziandika kwa wino. Na kijana, aliyekuwa ameketi juu ya boksi la kifurushi kilichotoka Nyeri, akazirudia kwa sauti kubwa mpaka mzee alipoitika kwamba ndizo.